Bendi ya kujiunga nayo pwani ya Sussex: matarumbeta, kopi, nyimbo zenu au za asili?

Kutoka Worthing hadi Hastings, kusini mwa Uingereza, ni mwendo usiofika kilomita 80, lakini anayetafuta bendi ya kupigia katika ukanda huo hukwama kwa wingi wa bendi, si kwa uhaba. Brighton na Hove ina zaidi ya watu laki mbili na nusu na chuo cha muziki wa kisasa, BIMM, kilichoanza mwaka 2001 na kinacholeta vijana wenye magitaa kila Septemba. Eastbourne ina jukwaa la bendi la mwaka 1935, lenye kuba la buluu, limesimama juu ya fukwe kabisa. Hastings ina Mji Mkongwe wenye vichochoro na baa ndogondogo ambazo karibu kila moja ina kona ya kupigia muziki.

Wingi huu umeletwa na utalii. Reli ya London ilifika Brighton mwaka 1841, wageni wakamiminika, na mgeni wa pwani akishaoga na kula hutaka muziki. Miji ikajenga majukwaa, hoteli zikaajiri okestra, na baa zikagundua kwamba gitaa moja mlangoni linauza bia kuliko bango. Aliyekulia Mombasa au Diani, ambako bendi za hotelini zimelisha familia nyingi, hahitaji kuelezwa zaidi.

Ninayemwandikia ana kazi yake ya mchana. Anajua chombo kimoja, au anaimba, na anataka bendi ya jioni na wikendi. Wapo wa ridhaa, wanaopiga kwa mapenzi na pengine kulipa ada juu yake. Wapo wa nusu-kulipwa: fundi umeme ambaye Jumamosi usiku ni mpiga besi, mwalimu ambaye kila wiki ya pili anaimba harusini. Kwaya na okestra nimeziacha nje. Yanabaki makundi manne: matarumbeta, kopi (yaani bendi inayopiga nyimbo za wengine), nyimbo zenu wenyewe, na muziki wa asili.

Vigezo

Wengi huanza kwa kujiuliza wanapenda muziki gani. Kwangu hilo ni swali la pili. Kwanza uliza bendi itakudai nini, maana kila aina ina deni lake, na watu huacha bendi kwa kushindwa deni hilo mara nyingi zaidi kuliko kwa kuchoka na nyimbo. Kwa hiyo kila kundi nitalipima kwa mambo yaleyale: unaingiaje, linakula muda gani, pesa inakwenda upande upi, jukwaa na watu wake wakoje, na linamfaa nani.

Kabla ya hayo, kuna suala la karatasi, na kwa wasomaji wetu wengi linatangulia yote. Viza ya mwanafunzi ya Uingereza inakataza kujiajiri na inakataza kazi ya utumbuizaji, hata kama ni saa mbili tu za Jumamosi. Zile saa za kazi ulizoruhusiwa kwa wiki haziigusi shoo ya kulipwa. Viza za kazi, ikiwemo ya wahudumu wa afya, zina mipaka juu ya kazi ya ziada, na kujiajiri kwa kawaida hakumo. Kukaa kwenye bendi ambayo wewe ndiye unayelipa ada ni jambo tofauti na kupokea bahasha mwisho wa shoo. Ukiwa na shaka, muulize mshauri wa uhamiaji anayetambulika kisheria kabla hujapokea hata paundi 40. Kwa wenye ruhusa, mapato ya kujiajiri yasiyozidi paundi 1,000 kwa mwaka wa kodi, unaoanza tarehe 6 Aprili, kwa kawaida hayakulazimishi kujisajili. Yakizidi hapo unajisajili kwa mamlaka ya kodi, HMRC.

Bendi ya matarumbeta

Kuingia. Hapa nota ni lazima. Bendi kamili ya Kiingereza ina wapulizaji 25, mbali na watu wa ngoma: koneti kumi, flugelihoni moja, honi za tenor tatu, baritoni mbili, yufoniamu mbili, tromboni tatu na tuba nne. Muundo ni huohuo nchi nzima, ndiyo maana ukihama mji unakuta kiti chako kinajulikana jina. Bendi nyingi za ridhaa hazikufanyii majaribio ya kutisha. Unaalikwa kukaa mazoezini, unapewa karatasi ya koneti ya tatu au baritoni ya pili, na wao wanakusikiliza bila kukutazama. Chombo mara nyingi utaazimwa na bendi, jambo kubwa ukizingatia bei ya tuba.

Jambo moja huwashangaza wageni: karibu wote, kuanzia koneti hadi tuba, wanasoma nota kwa ufunguo mmoja wa juu (treble), isipokuwa tromboni ya besi. Maana yake ni kwamba mpiga koneti anaweza kuhamia tuba bila kujifunza vidole upya. Aliyelelewa kwenye Jeshi la Wokovu, Nairobi au magharibi mwa Kenya, atajihisi yuko nyumbani siku ya kwanza. Aliyetoka kwenye matarumbeta ya Kilutheri, ikiwa kundi lake lilifuata mtindo wa Kijerumani wa kusoma sauti halisi, ajiandae kwa wiki kadhaa za kuchanganyikiwa, kwa sababu nota anayoiita C hapa inabonyezwa kwa namna nyingine.

Muda. Jioni moja kwa wiki, kama saa mbili, na jioni hiyo haisogei. Hapo ndipo deni la matarumbeta lilipo: linadai uhudhuriaji. Koneti za solo ni nne na mmoja akikosa wenzake wanamfunika, lakini mpiga koneti ya soprano ni mmoja, flugelihoni ni mmoja, na asipokuwepo shimo linasikika. Kiangazi kuna maonesho ya Jumapili kwenye majukwaa ya pwani. Vuli kuna maandamano ya moto wa Novemba, ambayo Sussex imeyashikilia kuliko mkoa wowote, mji wa Lewes ukiwa kitovu chake, kwa kawaida tarehe 5. Jumapili ya pili ya Novemba kuna kumbukumbu ya waliokufa vitani. Kisha Desemba: nyimbo za Krismasi nje ya maduka makubwa, vidole vimekufa ganzi na valvu zimegoma kwa baridi. Asiyeipenda Desemba asijiunge.

Halafu kuna mashindano. Bendi zimegawanywa madaraja matano, kutoka Championship hadi daraja la nne, na kila mwaka karibu na mwanzo wa machipuko hushindana kimkoa ili kupanda, kushuka au kwenda fainali za taifa. Bendi zote za daraja moja hupiga kipande kilekile, na majaji hukaa ndani ya kibanda kilichofungwa ili wasijue nani anapiga. Wasomaji wa Lamu, Mombasa na Unguja wanaokumbuka masimulizi ya ngoma ya beni, ya makundi yaliyokomeshana kwa sare, gwaride na matarumbeta, wataijua roho hii mara moja. Tofauti ni kwamba huku Uingereza majivuno yanafichwa nyuma ya kikombe cha chai. Wiki za kabla ya mashindano mazoezi huongezeka, tena sana. Kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza katibu wa bendi ni kama wanashindana au la. Zipo zisizoshindana kabisa, na wapigaji wake wanalala vizuri zaidi.

Pesa. Inatoka mfukoni mwako kwenda kwa bendi, kama ada ya kila mwezi isiyo kubwa. Vijana na wanafunzi mara nyingi hupunguziwa. Sare hutolewa. Malipo ya maonesho huingia kwenye mfuko wa bendi kununua nota na kutengeneza vyombo. Nyingi zimesajiliwa kama mashirika ya hisani, na hakuna anayetajirika.

Jukwaa. Jukwaa la Brighton ni la mwaka 1884, limesukwa kwa chuma mithili ya tundu la ndege. La Eastbourne nimelitaja. Karibu nalo kuna kibao cha kumbukumbu ya John Wesley Woodward, mpiga selo wa okestra ya mji huo aliyezama na Titanic mwaka 1912. Watazamaji ni wazee kwenye viti vya turubai, watalii wenye aiskrimu, na mbwa. Muziki ni maandamano, nyimbo za dini, muziki wa filamu. Hakuna atakayecheza, lakini watakaa hadi mwisho hata mvua ikinyesha.

Inamfaa nani. Msomaji wa nota mwenye ratiba ya kutabirika. Mzazi, kwa kuwa bendi nyingi zina kundi la watoto. Na yeyote asiyependa kukaa penye pombe: mazoezi hufanyika kwenye ukumbi wa kanisa, shule au mtaa, na kwenda baa baada ya hapo ni hiari. Patcham Silver Band, upande wa Brighton, na Eastbourne Silver Band ni mifano miwili ya kuanzia. Tovuti ya 4barsrest hutangaza viti vilivyo wazi nchi nzima.

Bendi ya kopi

Kuingia. Kwa sikio. Utatumiwa orodha ya nyimbo, utaambiwa uchague tatu, na siku ya majaribio watakutazama mambo mawili: kama umezijua kweli, na kama ukikosea unaendelea au unasimama. Anayesimama harudi. Wapiga gitaa na waimbaji wamejaa. Mpiga dramu au besi mwenye gari anaweza kuchagua bendi kama mtu anayechagua samaki sokoni asubuhi. Gari si utani. Ndilo deni la kopi, pamoja na Jumamosi zako.

Muda. Mwanzoni mazoezi ni mengi mpaka orodha ya nyimbo thelathini au arobaini ikae mwilini. Baada ya hapo bendi nyingi hufanya mazoezi mara chache sana, zinakutana jukwaani. Shoo ya baa kwa kawaida ni vipindi viwili vya kama dakika 45, vikianza saa tatu usiku na kuisha kabla ya saa tano. Kikomo hicho kina sababu ya kisheria: Live Music Act ya mwaka 2012 iliziruhusu baa zenye leseni kupiga muziki wenye vipaza sauti bila kibali cha ziada kati ya saa 2 asubuhi na saa 5 usiku, na tangu 2015 watazamaji wanaweza kufika 500. Ikipita saa tano, jirani aliyenunua nyumba juu ya baa ana pa kulalamikia. Lakini wewe hujamaliza. Kuna kukunja nyaya, kubeba spika, kuendesha gari kutoka Bexhill. Utalala saa saba au saa nane za usiku, na mwenzi wako atajua.

Pesa. Hapa inaingia, ila polepole. Baa nyingi hulipa bendi nzima kati ya paundi 200 na 400. Mkiwa watano, na mkatoa mafuta ya gari, kila mmoja anabaki na hela ya kununua nyuzi na chakula cha Kichina. Wanaosema wanajikimu kwa kopi za baa pekee huwa wana pensheni.

Harusi ni habari nyingine. Bendi iliyopangika hutoza zaidi ya paundi 1,000 kwa usiku, na hapo ndipo nusu-kulipwa inapoanza kuwa kweli. Ila kumbi za harusi zina masharti: bima ya madhara kwa watu wengine, na mara nyingi uthibitisho kwamba vifaa vyenu vya umeme vimekaguliwa. Uanachama wa Musicians' Union, chama kilichoanzishwa mwaka 1893, unakuja na bima hiyo ya hadi paundi milioni 10, na kwa wengi hiyo ndiyo sababu ya kujiunga. Mkipata kazi kupitia wakala, naye anakata chake.

Jukwaa. Watu wa mtaa, Ijumaa au Jumamosi, wamelipwa mshahara na wanataka kuimba pamoja nanyi. Hawataki wimbo wenu mpya, na msiwatege. Kuna wanaowadharau wapiga kopi, hasa vijana wa Brighton wenye nyimbo zao, mimi simo. Karibu kila mwanamuziki wa dansi aliyetoka Dar es Salaam au Nairobi alianzia kwenye kopi, akajifunza hapo kushika mdundo huku mlevi ameegemea spika. Hakuna darasa linalofundisha hivyo.

Inamfaa nani. Mwenye sikio zuri, gari, vyombo vyake, na nyumba isiyomdai Jumamosi. Asiyekunywa anaweza kuishi humo, tena anapendwa kwa sababu ndiye dereva, lakini kazi yake yote itakuwa ndani ya baa, na hilo ni la kila mtu kujipimia. Mwenye viza ya mwanafunzi, kama nilivyosema, hapana.

Bendi ya nyimbo zenu wenyewe

Kuingia. Hakuna kiti kilicho wazi kama kwenye matarumbeta. Kuna matangazo, kwenye mtandao wa JoinMyBand na kwenye kuta za maduka ya vyombo, yanayotaja majina ya bendi wanazozipenda na umri wanaoutaka. Umri ni kikwazo kisichosemwa wazi: Brighton, wengi wanaoanzisha bendi wako kati ya miaka 19 na 25. Hastings na St Leonards mambo ni mapana zaidi. Utakuta waliovuka hamsini wanaanza upya na hawaoni haya. Majaribio ni mazungumzo zaidi kuliko kupiga. Wanataka kujua kama mnaweza kukaa ndani ya gari moja saa tatu bila kugombana.

Muda. Hauna mwisho. Mazoezi kwenye chumba cha kukodi kwa saa, kurekodi, kupiga picha, kuweka video mtandaoni, kuandikia waandaaji wa shoo ambao hawajibu. Kupiga muziki kwenyewe ni sehemu ndogo.

Pesa. Mtapoteza, na ni afadhali kulijua mapema. Usiku wa kawaida una bendi tatu au nne, kila moja na dakika 25 au 30. Mlangoni, anayekata tiketi humuuliza kila anayeingia amekuja kumwona nani, anaweka alama, na mgawo wenu unahesabiwa kwa alama hizo. Ukileta rafiki watatu, mnagawana vya watatu. Jihadharini na mwandaaji anayewataka mnunue tiketi kwanza kisha mkaziuze wenyewe. Hasara yote inabaki kwenu. Upande wa faida, mtunzi aliyejisajili na PRS for Music, shirika la kukusanya mirabaha, ana haki ya mrabaha nyimbo zake zinapopigwa jukwaani, hata kwenye baa ndogo, mradi apeleke orodha ya nyimbo zilizopigwa. Wengi hawapeleki, kwa uvivu tu.

Jukwaa. Brighton ina mlolongo wa kumbi ndogo zinazojulikana: Green Door Store chini ya matao ya kituo cha treni, Hope & Ruin, na Prince Albert, baa ambayo ukutani pake Banksy, msanii wa michoro ya mitaani, alichora polisi wawili wakibusiana mwaka 2004. Kila Mei kuna The Great Escape, tamasha lililoanza 2006 kwa ajili ya wanamuziki wapya, na bendi ambazo hazikuchaguliwa hupiga kwenye baa za pembeni siku hizohizo, zikiomba mtu wa kampuni ya muziki apotee njia. Hastings ina Fat Tuesday, siku kadhaa kabla ya Kwaresima ambapo bendi huzunguka kutoka baa moja hadi nyingine ya Mji Mkongwe zikipiga vipindi vifupi; kwa bendi changa naiona bora kuliko The Great Escape, maana watu wamekuja kusikiliza chochote kitakachotokea. Ndiyo, The Kooks walianza wakiwa wanafunzi Brighton mwaka 2004, na albamu ya kwanza ya Royal Blood ilishika namba moja Uingereza mwaka 2014. Hao ni wawili. Waliobaki walirudi kazini Jumatatu.

Inamfaa nani. Mwenye nyimbo kichwani na subira ya miaka. Na kuna msomaji mmoja ninayemfikiria hasa: mpiga solo aliyekulia kwenye rumba, au anayejua chakacha na taarabu, ambaye kwenye bendi ya kopi angeombwa aiache hiyo nyumbani. Hapa ndipo mahali pekee kati ya manne ambapo gitaa lake litakuwa sababu ya kumchukua. Ila asitegemee kupata wenzake wanaoujua mdundo huo. Atawafundisha, na mpiga dramu atachukua muda mrefu kuliko wote.

Muziki wa asili wa Kiingereza

Kuingia. Ingia, kaa, sikiliza. Hakuna mlango mwepesi kuliko huu, wala wenye adabu nyingi zisizoandikwa kama huu. Kuna mikutano ya vyombo, ambapo fidla, kodiani ndogo na filimbi hupiga mizunguko ya ngoma za zamani, nyingi kwa funguo za D na G. Na kuna mikutano ya kuimba, ambapo zamu huzunguka chumba na kila mtu hutoa wimbo mmoja, wengine wakiitikia kiitikio kwa sauti mbili tatu bila kupangiwa. Ikifika kwako unaweza kusema “napita”, na hakuna atakayekununia. Usije na ngoma bila kuuliza. Wapiga fidla wana kumbukumbu mbaya za wapiga ngoma waliokuja bila kuuliza. Na ukiwa Mwafrika, jiandae kuna siku mtu mwema atakuletea djembe, ingawa wewe umekuja na fidla.

Deni la kundi hili ni kumbukumbu. Kuimba ukisoma kwenye simu kunavumiliwa, lakini anayeheshimiwa ni yule aliyefumba macho akatoa beti kumi na mbili bila kukwama. Pwani hii ina sababu ya kujivuna kwa hilo. Mwaka 1898, kijijini Rottingdean, mashariki kidogo ya Brighton, Kate Lee aliandika nyimbo kutoka kwa James na Thomas Copper, wanaume wa familia ya kilimo walioimba kwa sauti mbili nyimbo walizorithi. Zilikuwa miongoni mwa nyimbo za kwanza za Folk-Song Society, iliyoanzishwa mwaka huohuo, na ukoo wa Copper umeendelea kuziimba kizazi hadi kizazi. Anayetoka kwenye jamii inayohifadhi tenzi kichwani hataona ajabu yoyote.

Muda. Mara moja kwa wiki au kwa mwezi, na usipokuja hakuna anayekupigia simu. Kwa wauguzi na watunza wazee, ambao zamu zao hubadilishwa kila mara, hili linaweza kuwa jibu lote.

Pesa. Hakuna, isipokuwa kiingilio usiku ambao klabu imealika mwimbaji mgeni. Upande wa nusu-kulipwa ni bendi za keili, zinazopigia ngoma za mduara kwenye harusi na sherehe za shule huku mtu mmoja akitoa maelekezo ya hatua kwa maiki. Zinalipwa vizuri kuliko baa, na hazihitaji spika za kuvunja mgongo.

Jukwaa. Chumba cha nyuma cha baa, bila maiki, watu ishirini. Kisha inakuja Mei: sherehe ya Jack in the Green ya Hastings, iliyofufuliwa mwaka 1983, ambapo mtu aliyefunikwa majani hupitishwa mitaani na ngoma, fidla na wachezaji waliopakwa rangi ya kijani, na muziki uliokuwa chumbani mwaka mzima hutoka nje wote kwa pamoja.

Inamfaa nani. Anayeimba kuliko kupiga, asiye na gari, asiye na ratiba. Haimfai anayetaka kusikika peke yake.

Kwa hali yako

Ukiwa na viza ya mwanafunzi, au ya kazi yenye masharti, anzia kwenye matarumbeta ya ridhaa au kwenye mkutano wa kuimba, na uachane na bahasha zote mpaka karatasi zibadilike. Nyimbo zenu mnaweza kuziandika na kuzifanyia mazoezi kwa sasa. Shoo za mlangoni zenye mgawo wa pesa ziulizie kwanza.

Ukiwa huna gari, tazama njia ya treni ya pwani, inayounganisha Worthing, Brighton, Eastbourne na Hastings. Inafaa kwa koneti, fidla na sauti yako. Haifai kwa dramu, na shoo ikiisha saa tano usiku, kubeba gitaa na amplifaya kituoni huku ukiomba treni ya mwisho isiwe imefutwa ni njia ya haraka ya kuuchukia muziki. Bila gari, kopi iwezekane tu kama kuna mwenzako wa kukupitia.

Anayetaka hela ya ziada, na anaruhusiwa kisheria, asipoteze miaka kwenye baa: apige kopi za baa mpaka orodha ikae, kisha asukume bendi kuelekea harusi, au atafute keili. Anayetaka nyimbo zake zisikike atabaki na nyimbo zake, Brighton akiwa kijana, Hastings akiwa wa umri wowote. Mwenye watoto wa kufundishwa muziki pamoja naye hana mshindani wa matarumbeta. Asiyetaka kabisa mazingira ya pombe hali kadhalika, kwa kuwa hata mikutano ya asili, kwa upole wake wote, mingi hufanyikia baa.

Ukishindwa kuchagua, makundi mawili yanaweza kuishi pamoja ndani ya wiki moja: matarumbeta na asili hayagongani, na nimeona wapiga yufoniamu wanaoimba vizuri sana. Kopi na nyimbo zenu hugombania Jumamosi ileile, na mara nyingi mojawapo hufa kimyakimya. Mashindano ya matarumbeta na bendi ya harusi navyo havipatani kuanzia machipuko.

Bendi karibu zote zitakuruhusu kukaa mazoezini mara moja au mbili kabla ya kukuuliza nia yako, kwa hiyo tembelea mbili au tatu. Septemba ndio mwezi mzuri wa kuuliza: maonesho ya kiangazi yamekwisha, wanafunzi wamehama na kuhamia, viti vimebaki wazi, na Desemba bado iko mbali kiasi cha kumudu kujifunza nyimbo zake za Krismasi.